Nimemtoa Jogoo kwa Kiota cha Chozi

Jumapili. Usiku mvua imerudi baada ya kutususa, na asubuhi jua limetoka kama mtu aliyeoga. Moyo wangu mweupe. Mikono inanata utomvu wa minyaa, jicho la kushoto linawasha, na kanisani sikwenda. Mungu ananijua. Hana haja ya kuniona kila wiki kwenye benchi lile lile.

Leo nimejaa mpaka shingoni. Nisipoandika nitapasuka.

Uani kwangu kuna ndege wengi kuliko uani kwa mtu yeyote katika mstari huu wa nyumba. Sijisifu, nasema lililopo. Tulipohamia kijiji hiki cha ujamaa kila mmoja alipewa kiwanja sawasawa na mwenzake. Wenzangu walifyeka mpaka ardhi ikabaki kama kichwa kilichonyolewa, wakafagia, wakatulia. Mimi nilipanda. Mchicha, bamia, mpapai, mlimau, alizeti, na nyuma ya jiko ua wa minyaa uliofunga vizuri hata mbuzi wa jirani alikuwa akifika anageuka. Ndege si wajinga. Wanajua nani amewaandalia.

Tetere wanakuja asubuhi, wanatembea taratibu kama wakaguzi. Shore wanakula mapapai yangu kabla yangu mimi. Kuna kinyonga kwenye mlimau, nimempa jina la shemeji yangu kwa jinsi anavyochelewa kufika popote. Kuna nguchiro mmoja mwizi ambaye mimi na yeye tuna kesi ya mayai haijaisha.

Lakini wangu hasa ni chozi.

Chozi ni ndege wa kuingia kwenye kikombe cha chai, mdomo umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Dume lake ni jeusi la mahameli, kifua chekundu hata unadhani amejimwagia rangi. Anaimba kutwa. Jike lina rangi ya vumbi, kama mimi nikitoka shamba la kijiji, na ndilo lililojenga nyumba. Majani makavu, manyoya ya kuku wangu, uzi wa buibui wa kufungia, mpaka kikawa kifuko kinaning'inia kwenye tawi la mnyaa, kina mlango ubavuni na kibaraza juu ya mlango ili mvua isiingie. Jike linajenga, dume liko juu ya kamba ya nguo linaimba. Nikamwambia mume wangu, "Njoo uone ndugu yako." Akaja, akatazama, akasema wimbo nao ni kazi.

Aliyekiona kiota wa kwanza ni Sabina, kitindamimba wangu. Sabina huyu ndiye mtoto pekee katika shule yetu aliyechaguliwa sekondari ya bweni mwaka wake. Pekee. Nimelisema hili dukani, kisimani, na kwenye foleni ya kusaga, na nitalisema tena. Siku anaondoka, sanduku liko kichwani kwa baba yake, yeye bado kasimama nyuma ya jiko. "Mama, wanajenga! Nitunzie mpaka nirudi likizo." Nikamwambia nenda, lori litakuacha. Mimi nilikuwa sitaki anione usoni.

Basi nikatunza. Nyumba imekuwa kubwa mno tangu aende. Kaka yake yuko jeshini, dada yake ameolewa Nzega, na sufuria ninayopikia sasa ni ile ndogo. Ilikuwa kila nikipuliza moto macho yangu yako kwenye kile kifuko. Jike likaatamia. Makinda wakatoka wawili, midomo ya njano, wana njaa kama wangu walivyokuwa. Nikawa najisemea kwamba katika kijiji hiki walezi hodari tuko wawili, na mmoja ana mabawa.

Halafu ikaja amri ya nyua.

Ilisemwa mkutanoni kwamba nyua zote za nyuma zikatwe, zinafuga nyoka, na mstari wa nyumba unatakiwa uonekane toka mwanzo hadi mwisho. Wakaanza kule juu. Siku walipofika kwangu walikuwa balozi wetu wa nyumba kumi, vijana wawili wa panga, na Bwana Afya mpya, Ndugu Kondo, kijana wa baiskeli, suruali imenyooshwa pasi mpaka inakata.

"Mama Sabina," balozi akasema, "mstari mzima umebaki wewe. Ua huu uondoke leo."

"Nyoka gani anayekaa kwenye minyaa, balozi? Nyoka mwenyewe utomvu huu unampofusha."

"Amri ni amri."

Bwana Afya akaniamkia vizuri, shikamoo mama. Nikaitikia marahaba. Nikasikia sauti yake ilivyo, maneno yanapanda na kushuka kama anaimba. Nikamwuliza, "Kwenu wapi, baba?"

"Kisarawe, mama."

"Mzaramo?"

"Mzaramo hasa."

Mayo wane, mama yangu! Nusura nimkumbatie, maana mimi Mnyamwezi, na Mzaramo ni mtani wangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa mpagazi. Alibeba pembe za ndovu toka hapa Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na njia waliyopita ndiyo ile inayokata nyuma ya shamba letu la kijiji, wengine wanaiona kijia cha ng'ombe tu. Wapagazi walikuwa wanafia njiani. Huko pwani, mtu hana ndugu wala jamaa, aliyemzika na kumtania maiti ili wenzake wapate nguvu ya kuendelea alikuwa Mzaramo. Utani wetu ulizaliwa hapo, na mpaka leo mtani akija msibani hulala kaburini, akakataa maiti kuzikwa mpaka apewe chake. Hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani, wewe ndiye umekosa.

Nikamwaga mtama uliokuwa unakauka, mkeka nikauburuta mpaka chini ya ua, nikajilaza chali, nikajifunika khanga hadi kidevuni.

"Haya, zikeni," nikasema. "Mimi mtani wenu nimeshalala kaburini. Bila kunilipa hazikwi mtu, wala haukatwi mti."

Vijana wa panga wakaangua kicheko. Balozi akashika kichwa. "Mama Sabina, hii ni kazi ya serikali!"

"Balozi, hayakuhusu. Ya watani haya."

Bwana Kondo alikuwa bado kashika baiskeli yake. Hapo niliogopa, sina budi kusema ukweli. Vijana wa siku hizi wamesoma, pengine huyu utani kwake ni ushamba, pengine atawaambia wale wainue mkeka pamoja na mimi. Nilimwona anatazama suruali yake iliyopigwa pasi. Kisha akaikunja mpaka magotini, akachuchumaa kichwani pangu.

"Masikini Mnyamwezi wa watu," akasema kwa sauti ya kilio. "Amekufa kwa nini? Mzigo umemwelemea?"

"Amekufa kwa kicheko. Aliona Wazaramo wanacheza ngoma, mihogo inaozea shambani."

"Babu yake huyu alipofika pwani alionja bahari, akauliza nani kaitia chumvi supu yote hii."

"Na babu yako alikuwa kalala barazani, anangoja babu yangu amletee pembe mlangoni!"

Watu wakajaa. Hata Mama Yohana wa nyumba ya pili, ambaye ua wake ulikatwa siku ile ile asubuhi, alikuja na mwiko mkononi. Bwana Kondo akaniuliza marehemu anadai nini. Nikamwambia hadai senti. Juu ya kichwa chake kuna mzazi ana watoto wawili, hawajaota mabawa, na mimi sitoki hapa akabomolewa nyumba. Akainuka, akachungulia. Yale makinda yakadhani ni mama yao, yakamfungulia midomo. Nilimwona Mzaramo wa watu analainika kama ugali wa moto.

"Haya," akasema. "Nakupa mpaka waruke. Ila siku watakayoruka, siku hiyo hiyo ua unalala chini, na utakata wewe mwenyewe. Jumatatu ya wiki ijayo napita tena."

"Nimekubali."

"Na mimi changu?"

Kabla sijainuka alikuwa amefika kwenye kibanda cha kuku. Akamtoa Jemadari.

Jemadari! Jogoo mwekundu, mkia kama upinde wa mvua, anawika kabla kile kipande cha reli cha shuleni hakijagongwa, balozi mwenyewe alikuwa anaamshwa naye. Watu wakipita barabarani nilikuwa nawaonyesha kama mtoto wangu wa nne. Mtani haulizi, anachukua, na ukilia umejiaibisha. Nikaing'ata khanga. Alimfunga nyuma ya baiskeli, na nilimsikia Jemadari akiwika mpaka kwenye kona ya ghala.

Baba Sabina aliporudi kutoka kwenye tumbaku ya kijiji aliuliza jogoo yuko wapi.

"Ameondoka na Mzaramo."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili ya chozi."

Alikaa chini. Alicheka mpaka kofia ikamtoka. "Umetoa jogoo wa sufuria nzima kwa ndege wa kijiko!" Alipomaliza kucheka akajifuta macho. "Lakini mke wangu, mdomo umesema. Wakiruka, kata."

Tangu siku ile sikuwa na raha sana. Mama Yohana alipita kisimani akasema kwa sauti ya kutosha kwamba wengine nyua zao zimekatwa, wengine wana ndege wa serikali. Iliniuma kwa sababu ana haki. Kivuli alichokuwa anaoshea vyombo kimekwenda. Mstari mzima ulikuwa unanitazama, na mimi natazama makinda. Mvua ikakata, wadudu wakaadimika, jike likawa linakwenda mbali na kurudi na kitu kama punje ya vumbi mdomoni. Jumatatu inakuja, wale bado wamekaa ndani. Wakiwa bado hawajaruka Bwana Kondo atasemaje? Siku moja mpaka niliwagombeza. Nikawaambia Sabina wangu alitembea kabla ya watoto wote wa rika lake, ninyi mnangoja nini?

Walikuwa wanangoja leo.

Leo asubuhi nimevaa gauni la kanisani, viatu mkononi kwa sababu ya matope, nikasikia kelele uani. Kumbikumbi! Mvua ya usiku imewatoa kwenye kichuguu nyuma ya choo, wanapanda kama moshi, jua linapiga mabawa yao, uani kote kunameremeta. Na kila chenye mdomo kikaja. Mbayuwayu wanakata hewani kama mkasi. Kunguru wanakula kwa heshima ya uongo. Vyura, mijusi, kuku. Shemeji kinyonga, kwa mara ya kwanza maishani mwake, amewahi. Watoto wa jirani na mabeseni, mimi na gauni langu nimeshika sufuria, maana kumbikumbi wa kukaanga hawangojwi. Juu mwewe anazunguka. Na kwenye majani ya bamia, yule nguchiro, anakula huku ananitazama.

Kinda la kwanza likatoka hapo hapo. Halikufikiri. Lilisimama mlangoni, likaona chakula kinapita puani, likakifuata, na lilipojikuta hewani likaendelea mpaka kwenye mlimau. Huyo ni Sabina mtupu.

La pili likatoka nusu. Likarudi. Likatoka tena, likateleza, likaanguka kwenye nyasi chini ya ua.

Nguchiro akaacha kula.

Sijui nilifikaje. Viatu vilibaki njiani, sufuria ikamwagika, nikasimama kati ya nguchiro na kinda, sufuria tupu mkononi. Nguchiro akainuka kwa miguu miwili, tukatazamana. Nikamwambia mayai nilikusamehe, hili sikusamehe, toka! Sikuthubutu kuliokota lile kinda, nisije nikalivunja kwa mikono hii ya jembe. Jike likaja juu ya kamba ya nguo, kumbikumbi mdomoni, likaita. Halikushuka kulisha. Linaita tu, linamwonyesha. Na yule baba yake, mwimbaji, nilimwonea bure siku zote hizi. Alikuwa anamrukia nguchiro kichwani, tena na tena, kipande kile cha ndege na hasira kubwa kuliko kijiji.

Kinda likaruka, likashika tawi la chini. Likapumzika. Likapanda la pili. Nikawa nasema, haya mama, haya, moja tena. Likafika kwenye kamba ya nguo, katikati ya shati la Baba Sabina na shuka, likala kumbikumbi wake. Kisha likaruka. Likaruka kweli, likapita juu ya jiko, juu ya paa, mpaka mlimau.

Nikapiga vigelegele. Peke yangu, matope mpaka magotini. Wanawake wakaja mbio toka kwenye mstari, Mama Yohana mbele.

"Nani kajifungua?"

"Chozi!"

Walicheka mpaka wakashikana. Mama Yohana akasema huyu mwanamke ni wa kufungwa kamba. Nami nikacheka. Mbona ni siku ya furaha?

Ila ahadi ni ahadi. Nikavua gauni la kanisani nikavaa la shamba. Nikaanza na lile tawi lenye kiota, nikalikata polepole kama ninayekata kitovu, nikalifunga kwenye ukingo wa paa la jiko, jirani na mlango, ili Sabina akija likizo aone nyumba ilivyokuwa. Halafu nikauanza ua. Anayeijua minyaa anajua, ukiipiga panga inalia maziwa, na tone moja jichoni unaiona nyota mchana. Nilijifunga khanga usoni, bado tone likanipata.

Nikasikia panga jingine upande wa pili. Mama Yohana.

"Usije ukapofuka kwa ajili ya ndege," akasema. "Nani atatusimulia habari za Sabina wako kisimani?"

Tulimaliza wote wawili. Nikampa nusu ya kumbikumbi, waliokaangwa na chumvi, akala, akasema chumvi imezidi. Amenisamehe.

Jioni nilikaa mlangoni mwa jiko. Uani kumekuwa kweupe, unaona mpaka nyumba ya kumi. Nikawaza kwamba ndiyo basi, wamekua, wamekwenda, na mama mwenye akili ashukuru, aoshe sufuria yake ndogo.

Nikasikia mlio wao.

Walirudi wote wanne. Walikuja palepale ua ulipokuwa, wakazunguka hewani mahali ambapo hapakuwa na kitu. Jike linatua chini, linainuka. Makinda wanalia. Jua limekwisha kuzama. Mayo wane, moyo ulinishuka. Mimi mlezi hodari wa kijiji kizima, nimelea watatu, sikujua kwamba mtoto akishajua kuruka bado jioni anarudi nyumbani kulala. Nimewavunjia nyumba kwa haraka yangu ya kuonekana mkweli.

Baba Sabina akatoka, akanishika bega. "Nyamaza, usitikisike. Tazama."

Jike lilikuwa limetua kwenye ukingo wa paa la jiko. Likasogea, likainamisha kichwa. Likalijua tawi lake. Likaita. Kinda la kwanza likaja, likaingia ndani moja kwa moja kama mwenye ufunguo. La pili, yule mwoga wangu, likakosa mlango, likajaribu, likakosa, likajaribu. Likaingia. Kifuko kikatikisika kidogo, kikatulia.

Wamo ndani sasa hivi ninavyoandika. Nikinyoosha mkono nawafikia, ila sinyooshi.

Baba Sabina ameuliza kesho Bwana Kondo akija nitamwambia nini. Nitamwambia ua umelala chini, na niliyeukata ni mimi, jicho langu ni shahidi. Alisema mpaka waruke, wameruka. La kurudi hatukuliweka kwenye mapatano. Akisema na paa la jiko linafuga nyoka, jogoo mwingine sina.

Mkeka ninao.